Kitambaa Cheupe cha Mama Mdogo

Kila mwaka, majira ya kutuma maombi ya vyuo vya nje yakifika, vijana wawili watatu hupiga hodi kwangu hapa Kihonda. Wanakuja na bahasha mkononi, wananiamkia vizuri, wanaketi kwenye ukingo wa kiti kama watu waliokuja kuposa, na chai ikishaingia tumboni wanaanza kuuliza. Baridi ya kule ikoje? Nibebe nguo gani? Kiingereza changu kitatosha? Profesa anapenda barua ndefu au fupi? Nawajibu yote, maana si siri. Baridi inavaliwa, Kiingereza kinazoeleka, na profesa hapendi barua ndefu kwa sababu ana nyingine nyingi za kusoma.

Lakini hakuna anayeniuliza juu ya lile lililokaribia kunirudisha nyumbani mikono mitupu. Nimestaafu sasa, muda ninao, na sina tena bosi wa kumwogopa, kwa hiyo nimeamua kuliandika. Someni mkiwa mmekaa vizuri. Mtanicheka, na nawaruhusu.

Kwa wasionijua, nimefanya kazi maabara ya kemia hapa Morogoro miaka thelathini na ushei. Nilianza kwa kuosha chupa za wenzangu, nikamaliza nikiwa na ofisi, mhuri na funguo nyingi kuliko mlinzi wa geti. Katikati ya safari hiyo nilipata nafasi ya kwenda Norwe kusoma shahada ya uzamili kwa njia ya utafiti. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, watoto wawili, na magoti yaliyokwisha kuanza kunisema. Wenzangu kazini walinipongeza kwa mdomo tu. Mmoja aliuliza mbele yangu kama kule wanapokea na bibi.

Mjue kwanza shahada ya namna hiyo ni kitu gani. Wengi mnadhani mtakaa darasani mwalimu aandike ubaoni. Madarasa yapo, machache. Sehemu kubwa unapewa meza, ufunguo wa maabara na swali lako, kisha watu wanaenda zao. Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye nywele za mvi zilizokatwa kama za mwanajeshi, jina lake Ingrid. Kule wanafunzi wanamwita profesa kwa jina lake la kwanza tu, bila cheo. Mimi nilishindwa. Mtu mzima, ana wajukuu, nimwite Ingrid kama nimecheza naye rede? Miezi mitatu nilikuwa nikitaka kumsemesha nakohoa kwanza, akigeuka ndipo naanza kuongea. Baadaye alinunua dawa ya kikohozi akaniwekea mezani, ndipo nikaona bora nimwite jina.

Swali langu lilitoka mlimani. Mama yangu mdogo, Bi Zuhura, alikuwa akiishi juu ya Kinole, upande ule wa Uluguru ambako mvua haijui kupumzika. Huko kila kitu kinaota ukungu: viatu, mikeka, hata Kurani ukiiacha vibaya. Lakini maharage ya mama mdogo hayakuota ukungu. Alikuwa na mzizi fulani, ambao sitautaja hapa kwa sababu nawajua, mtakwenda kuumaliza wote. Aliuchimba, akaukausha, akauweka pamoja na maharage yake, na yakakaa mwaka mzima yakiwa safi. Nilikua nikiliona hilo. Nikaandika pendekezo la utafiti: ndani ya mzizi huu kuna nini kinachozuia ukungu? Ingrid alilipenda kwa sababu lilikuwa swali dogo lenye mwanzo na mwisho. Swali la uzamili liwe hivyo, wanangu. Mkitaka kuponya dunia nzima kwa miaka miwili, mtarudi na picha za theluji tu.

Nilisafiri na kilo mbili za mizizi iliyokaushwa na mama mdogo mwenyewe, pamoja na vibali vyote vya kuisafirisha. Nikaisaga, nikailoweka kwenye methanoli, nikaichuja, nikaivukiza mpaka likabaki tope la rangi ya kahawia. Tope hilo nikaliweka kwenye visahani vyenye ukungu, na ukungu ukakoma. Kisha nikalipitisha kwenye mashine inayotenganisha vitu na kuchora kilima kwa kila kitu kilichomo. Vilima vilitokea vingi, lakini kimoja kilisimama peke yake, kirefu, kizuri. Kila nilipokitenga kitu cha kilima kile na kukijaribu, ukungu ulikoma. Nikapekua maandiko yote. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kitu hicho kimo ndani ya mzizi ule. Ningekuwa wa kwanza.

Sijui kama mnaielewa furaha hiyo. Nilitembea kwenye barafu bila kushika ukuta. Nilimpigia simu mume wangu nikamwambia mkeo amegundua kitu, akaniuliza kama kinaliwa.

Sasa hapo ndipo alipoingia Leif. Leif alikuwa fundi mkuu wa maabara ile, mtu wa karibu miaka sitini, mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na ndiye aliyenifundisha mengi kuliko maprofesa wote niliokutana nao. Alinifundisha kuosha chupa mara tatu kwa maji kidogo badala ya mara moja kwa maji mengi. Alinifundisha kuandika kwenye lebo kana kwamba atakayeisoma ni mtu mwenye hasira asiyenijua. Siku moja alipita mezani kwangu, akachukua kichupa cha unga wa mzizi, akaupepea kwa mkono harufu ije puani, kama inavyotakiwa, akatabasamu. Akasema unanukia kama samaki wa baba yake. Nikauliza samaki gani. Akasema baba yake alikuwa na kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi.

Mimi nilikuwa nimeunusa unga ule miezi minane. Sikuwahi kusikia moshi. Nilisikia kwetu tu. Kila kilichoshuka kutoka kwa mama mdogo kilinukia hivyo, mahindi, mdalasini, hata barua, kwa hiyo pua yangu ilikuwa imeshaacha kuhesabu harufu ile kuwa ni kitu.

Niwaeleze mizizi ilikaushwa wapi. Nyumba za mlimani, wengine mnazijua kwa bibi zenu, zina uchaga juu ya mafiga. Ni kama kitanda cha fito kilichoning'inia juu ya moto, na huko ndiko mbegu, mahindi na kila kisichotakiwa kuoza hukaa, kikipigwa moshi asubuhi na jioni. Mizizi ya mama mdogo ilikuwa huko. Ingrid alikwisha kuniuliza zamani sampuli zilikaushwa wapi, nikamjibu kwa Kiingereza changu kwamba ni kwenye rafu ya jikoni. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Baadaye sana ndipo nilipoalikwa kwake nikaiona rafu ya jikoni aliyokuwa akiifikiria: ubao mweupe ukutani wenye vikopo vya chai na maua.

Maneno ya Leif yalinikaa. Ikiwa kilima changu kinatoka kwenye moshi na si kwenye mzizi, basi sijagundua kitu, nimegundua jiko la mama mdogo. Dawa ya wasiwasi kama huo ni sampuli tupu, ambayo watu wa maabara tunaiita blanki. Ukitaka kujua kama chumvi imo kwenye mchicha, onja kwanza maji uliyopikia. Nilihitaji kitu kisicho mzizi, kikae palepale juu ya uchaga, kipate moshi uleule, kisha nikipitishe kwenye mashine. Kilima kikitokea, ni moshi. Kisipotokea, ni mzizi, na mimi ni wa kwanza.

Nikampigia mama mdogo. Simu kule ilishika mtandao penye jiwe moja tu nyuma ya migomba, kwa hiyo alikuwa akinibipu akishafika jiweni, nami nampigia. Nikamwambia anunue kitambaa cheupe cha pamba, akitundike pale ilipokuwa mizizi, kikae wiki tatu, kisha akifunge vizuri ampe mwenzangu wa kazini aliyekuwa anakuja Norwe kwenye mafunzo. Akaitikia yote. Sikumwambia ni cha nini. Nilijiambia kwamba simu inakula pesa na mambo yenyewe ni ya kitaalamu, atayaelewaje. Kumbukeni sentensi hiyo, nitairudia.

Kitambaa kikaja. Kilikuwa ndani ya bahasha, kimefungwa na kipande cha kanga, cheupe. Nasema cheupe. Kilikuwa na mikunjo minne iliyonyooka kama kurasa za daftari. Leif alikiinamia, akasema sabuni. Nikamwambia bila shaka ni begi la mwenzangu, alibeba sabuni humo. Na mikunjo? Mikunjo sikuulizwa, wala mwenyewe sikujiuliza. Kitambaa kimekaa wiki tatu juu ya moto wa kuni kikatoka cheupe kuliko koti langu la maabara, nami nikasema alhamdulillah, kumbe jiko la mama mdogo siku hizi halina moshi. Nimesoma kemia mpaka nikazeeka, na bado sijaona kitu kinachopofusha kama kutaka jibu fulani.

Nikakikata, nikakiloweka, nikakipitisha kwenye mashine. Hakuna kilima. Karatasi ilikuwa tambarare kama uwanja wa mpira. Ingrid alinipa mkono, jambo ambalo hakulifanya hata siku nilipofika. Alituma jina langu kwenye mkutano wa wakemia wa nchi zile za kaskazini, nikaseme mbele ya watu nilichokiona. Nikanunua viatu.

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Ilikuwa Ijumaa mchana, nimemaliza kazi mapema, nikampigia mama mdogo kumsalimia tu. Tukaongea habari za watoto, za mvua, za mtu aliyeanguka kwenye mteremko na mkungu wake wa ndizi, wote wazima. Kisha akauliza kama kile kitambaa kilifika kikiwa safi. Nikamwambia kilifika safi sana.

"Nashukuru," akasema. "Maana nilikifua mara mbili. Masizi yale yana ung'ang'anizi. Nikampelekea mwalimu hapa jirani akanipigia pasi."

Akadhani mtandao umekatika, akaniita jina mara mbili, kisha akauliza, "Kwani kilikuwa cha nini?"

Nikamwambia tutaongea, nikakata simu.

Msimlaumu. Mama wa nani kati yenu, akiagizwa kitambaa na mtoto aliye ugenini, angetuma kitu chenye masizi? Watu wakifungue kule waseme mwanamke huyu ndivyo anavyoishi? Kwetu hata bakuli la jirani halirudishwi chafu. Mama mdogo alifanya kile ambacho kila mama wa Kiluguru mwenye heshima zake angefanya, na mimi, niliyelelewa na mikono ileile, ndiye niliyepaswa kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote Ulaya nzima.

Hapo ndipo nilipokuwa na siku mbili mbaya. Duniani kote aliyejua kwamba blanki yangu ilifuliwa ni mimi. Mama mdogo alijua kuhusu kufua, lakini hakujua kuhusu blanki. Ingrid alijua kuhusu blanki, hakujua kuhusu kufua. Nikinyamaza, nasimama mkutanoni na viatu vyangu vipya, napata shahada, narudi Morogoro, na wale walionipongeza kwa mdomo tu wananiita mtaalamu. Nikisema, ufadhili wangu ulikuwa umebakiza miezi mitano, na miezi mitano haitoshi kuanza upya. Ningerudi bila karatasi, na kila asubuhi ningepita getini mbele ya watu walewale.

Jumamosi na Jumapili nilikwenda maabara mchana nikaosha chupa. Niliosha hata zilizokuwa safi. Huo ndio ugonjwa wangu, nikiwa na jambo naosha vyombo. Jumapili alasiri Leif akaingia kuchukua miwani yake aliyoisahau, akaniona, akaangalia safu za chupa zinazong'aa, akasema tu kwamba kesho hatakuwa na kazi. Nikajikuta namwambia kwamba kitambaa kilifuliwa. Hakushangaa. Akasema, "Nilisikia sabuni." Akavaa miwani, akaenda zake. Nilimkasirikia sana, kisha nikamshukuru, maana sasa hatukuwa siri tena, mimi na kitambaa.

Jumatatu nikamweleza Ingrid. Nilisimama, sikukaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanipa karatasi na kalamu, akasema nimchoree hiyo rafu ya jikoni. Nikachora mafiga matatu, moto, fito juu, mizizi juu ya fito, na moshi ukipita katikati ya vyote. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Hii si rafu," akasema.

Nikakubali kwamba si rafu. Akageukia kompyuta, akaandika ujumbe wa mistari miwili kuliondoa jina langu mkutanoni. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: je, naweza kupata kitambaa kisichofuliwa, na kwa haraka kiasi gani? Nikahesabu: kununua, wiki tatu juu ya moto, kutafuta msafiri. Miezi miwili, ikienda vizuri. Uso wake ulionyesha kwamba miezi miwili ni mingi mno.

Nikampigia mama mdogo, na safari hii nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilimweleza kila kitu, kwa Kiswahili kinachoeleweka, nikimimina salio bila huruma. Mzizi, ukungu, moshi, mashine inayochora vilima, kwa nini nilitaka kitambaa. Haikuchukua hata robo saa. Alielewa yote, na aliuliza maswali mawili ambayo hata wasahihishaji wangu hawakuyauliza.

"Ungesema toka siku ile," akasema. "Mimi kwani nilikwambia ni mzizi peke yake? Nilikwambia uweke mzizi, uweke juu ya moto. Wewe ukaandika mzizi."

Na ni kweli. Daftari langu bado ninalo. Nimeandika mzizi.

Kisha akasema, kama mtu anayetaja kitu kisicho na maana, kwamba kitambaa kingine bado kiko pale juu. Alitundika viwili tangu mwanzo, cheche isije ikaunguza kimoja akakosa cha kunitumia. Cha pili hakuwa na haja nacho, akakiacha. Mwanamke ambaye niliona hawezi kuelewa mambo ya kitaalamu alikuwa ameweka sampuli ya akiba, kitu ambacho mimi na shahada yangu ya kwanza hatukukifikiria.

"Usikifue, mama mdogo."

"Sikifui. Lakini usiwaambie hao wazungu kwamba kimetoka kwangu."

Kilisafiri na mtawa mmoja aliyekuwa akirudi kwao Norwe, kikafika baada ya siku tisa, cheusi, kinanukia Kinole yote. Kilima kilisimama palepale, kirefu kuliko mwanzo. Mama mdogo akakausha mizizi mingine ndani ya chumba chake cha kulala, kwenye mkeka, mbali na moto, na ile haikuwa na kilima, wala haikuzuia ukungu kwa kiasi cha kusifia. Ugunduzi wangu ulikuwa moshi wa kuni. Tasnifu ikageuka: ikawa inahusu jinsi kukausha juu ya mafiga kunavyobadilisha kinachoonekana ndani ya mmea, na jinsi moshi wenyewe unavyotunza nafaka. Niliandika usiku na mchana, nikaimaliza zikiwa zimebaki siku nne za ufadhili. Haikunipa jina popote. Wanaokusanya mimea wanaisoma, wanakwenda kuuliza jiko liko wapi, basi. Na mimi hiyo inanitosha kabisa.

Nyie mna bahati. Leo ningemwomba mama mdogo video ya sekunde kumi, ningeiona fito, ningeuona moshi, na habari ingeishia hapo. Lakini msijidanganye kwamba simu itauliza maswali badala yenu. Miaka michache kabla sijastaafu alikuja mzee mmoja kutoka Kingolwira na maji ya kisima ili tuyapime. Kijana wangu wa maabara, ana shahada mbili, akayapima akaja mbio kuniambia kisima kina sukari. Nikamfuata mzee nje, nikamwamkia, nikamuuliza chupa ilikuwa ya nini. Ya juisi ya embe. Nikauliza aliioshaje. Akasema aliisuuza vizuri, kwa maji ya kisima hichohicho. Tulicheka wote watatu, tukampa chupa yetu, akarudi siku ya pili. Tangu Norwe, hilo ndilo limekuwa swali langu la kwanza kwa kila aliyeingia mlangoni na sampuli, awe mfugaji wa Dumila na lishe ya kuku au mhandisi aliyevaa tai: kabla haijafika hapa, nani aliigusa, na alifanya nini nayo kwa nia njema? Ubaya hauharibu sampuli sana. Nia njema ndiyo inayofua na kupiga pasi.

Niliporudi nilipanda Kinole na nakala ya tasnifu, yenye jalada gumu na maandishi ya dhahabu. Mama mdogo alinawa mikono ndipo akaipokea. Kiingereza hakijui, kwa hiyo alinitaka nimsomee mahali alipo yeye. Nikaifungua sura ya njia za utafiti, nikamtafsiria: mizizi ilichimbwa na kukaushwa na mkulima wa eneo hilo.

Akauliza, "Huyo mkulima ni nani?"

Nikamwambia ni wewe.

Akasogeza kuni. Moto ulikuwa unawaka, na juu yetu kulikuwa na mahindi na mizizi kama siku zote. "Mbona hana jina?"

Nikamkumbusha kwamba mwenyewe alisema nisiwaambie.

"Nilisema kitambaa," akasema. "Mizizi nayo nilikataza?"

Katika kurasa zile nilikuwa nimemshukuru Ingrid, Leif, waliotoa ufadhili, hata mama wa mapokezi aliyenionyesha kituo cha basi. Nikatoa kalamu kwenye mkoba, nikafuta neno mkulima kwa mstari mmoja ulionyooka, kama Leif alivyonifundisha kufuta ili kilichokuwapo kiendelee kusomeka, nikaandika juu yake: Bi Zuhura, wa Kinole.

Akaniangalia kwa wasiwasi, akaniuliza kama inaruhusiwa kuandika ndani ya kitabu kilichokwisha kupitishwa na wakubwa.

Nikamwambia inaruhusiwa. Ni masahihisho, na kitabu chenyewe chote ni masahihisho.